Sauti ya Kukamulia Sukari

Laptop ilipotea Alhamisi saa ya lunch, kwa ofisi moja ya mtaa wa Free Area, na mlango haikuvunjwa. Hiyo ya mlango tuweke kando kidogo, tutairudia.

Hapo wanatengeneza mchezo ya simu. Ni shamba. Unapanda viazi kwa kioo, unakamua ng'ombe kwa kioo, na gumboot haichafuki. Watu huicheza mpaka kwa kinyozi.

Inspekta Jemutai alikuja na mtu wa alama za vidole. Mwenye ofisi, Mathenge, alikuwa ameshajua mwizi.

"Ni Tabby, afande. Anaweka siri zetu kwa mtandao. Vitu hatujatoa bado!"

"Ufunguo uko na nani?"

"Mimi, na Mwaura wa chai. Lakini Mwaura hata kuwasha kompyuta ni shida."

Tabby, fundi wa simu, aliletwa kituoni. Kibanda chake alikuwa ameacha wazi, na hiyo ndiyo ilimuuma.

"Uliiba laptop?"

"Hapana, madam."

"Siri unatoa wapi?"

"Kwa simu yangu. Wakituma update, wanatuma mpaka vitu vya mwezi ujao. Vinakaa humo ndani vikingoja siku. Mimi hufungua mafaili nikachungulia."

"Na hiyo si wizi?"

"Mtu akikuletea gunia ya viazi mpaka mlangoni, ukiangalia chini ya gunia, umeiba?"

Jemutai hakucheka. Aliandika.

"Orodha niliweka Jumanne," Tabby akaendelea. "Laptop imeibwa Alhamisi. Ningeiba nini na nilikuwa nimeshaona yote?"

"Soma hiyo orodha."

"Trekta mpya. Mvua ya mawe. Sauti mpya ya kukamua, Jumamosi. Ile ya zamani inafutwa."

"Cheza ya zamani."

Kwa mchezo husikika maneno matatu tu. Lakini faili yenyewe, Tabby akaifungua, ilikuwa dakika kumi na mbili.

"Haya, Sukari. Simama, mama. Shusha, mama, shusha." Na nyuma, maziwa ikigonga ndoo.

Jemutai amelelewa kwa boma ya ng'ombe, akajua hapa mtu anakamua ng'ombe ya kweli. Aliweka kalamu chini, akampigia Mathenge.

"Huyu anakamua ni nani?"

"Mama ya Mwaura. Tulimrekodi huko kwao Dundori. Alikufa Machi."

"Mwaura amewahi kuitisha hiyo sauti?"



"Jumatano. Nikamwambia ni mali ya kampuni."

Walifika Dundori saa kumi jioni, saa ya kukamua. Tabby alikuwa kiti ya nyuma ya gari. Kwa boma, yule mama aliyezikwa Machi alikuwa anaongea na ng'ombe. Konstebo Masinde akasimama hapo hapo.

"Afande, tangulia wewe. Mimi niko na watoto."

Laptop ilikuwa juu ya gunia ya dairy meal, chakula ya ng'ombe, ikiongea. Mwaura alikuwa amechuchumaa, ndoo katikati ya magoti.

"Mwaura."

"Ni mimi, madam. Nilifungua na ufunguo, nikachukua." Mikono haikusimama. "Sukari amekataa kushusha maziwa tangu mazishi ya mama. Daktari wa mifugo amekuja mara mbili. Kiwele inavimba, analia. Nilimchezea ile ya simu, akageuza masikio, halafu sauti ikaisha. Maneno matatu itasaidia nani? Jumanne nikaambiwa ati Tabby ameona inafutwa. Nikaomba, nikanyimwa."

"Si ungenakili?"

"Kunakili ndio nini? Mimi ni mtu wa chai. Vijana wa ofisi walikuwa wananichezea hii nikileta chai, nikaona penye wanabonyeza. Basi nikabeba yote."

Tabby alikuwa amekaribia ng'ombe.

"Sasa boss, si ungekuja kibandani? Hii sauti iko kwa simu yako siku zote, yote nzima, imefichwa tu. Ningekutolea nikinywa soda."

Mwaura alimwangalia, halafu akaangalia ile laptop.

Masinde akatoa pingu. Jemutai akamshika mkono.

"Ng'ombe haiachwi nusu. Ngoja amalize."

Wakangoja. Halafu Jemutai akafunga laptop, akaiandika ushahidi. Tabby akatuma faili kwa simu ya Wangeci, bibi ya Mwaura.

"Asubuhi saa kumi na moja," Mwaura akamwambia bibi yake, pingu mikononi. "Weka simu juu ya gunia. Na usimharakishe."