Vidonge vya Bibi Secilia

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka mashambani kijijini Kwai, Evelina alikata majani ya ng'ombe, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akampelekea bibi yake uji na kidonge. Kazi ya majani hakuipenda hata kidogo. Kazi ya kidonge aliipenda mno, kwa sababu mama alimkabidhi yeye, mtoto wa darasa la sita, na si mtu mwingine.

Bibi Secilia aliteleza shambani akavunjika mguu. Hospitalini walimfunga plasta, wakampa dawa kali ya maumivu. Mfamasia alieleza taratibu: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula, na asipewe mtu mwingine hata akilalamika vipi.

Jioni moja mjomba Kristian, mdogo wake mama, aliingia jikoni ameshika kiuno. Kazi yake ilikuwa kupakia kabichi na viazi kwenye malori. Evelina alimpenda mjomba huyu kuliko watu wote, maana ndiye aliyemtetea kila alipogombezwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Eve. Kiuno kinaniua leo. Hebu nipe kidonge kimoja cha bibi yako."

"Mjomba, mfamasia alikataza."

Mjomba akacheka. "Hapa tunaombana chumvi, tunaombana moto, hata jembe. Itakuwa kidonge? Nipe bwana. Ila usimwambie mama yako, unamjua kwa kelele."

Mtoto gani atamnyima mjomba wake? Evelina akampa, akaahidi kutosema. Kesho yake mjomba akaomba tena. Baadaye hakuomba, alishajua kopo linakaa wapi, akawa anajihudumia kama yuko harusini. Evelina aliona, akanyamaza, kwa kuwa aliahidi.

Vidonge vikaisha kabla ya siku ya kurudi hospitali. Jumapili baada ya ibada majirani walikuja kumjulia hali Bibi, wakamkuta analia kwa maumivu. Mama akafungua kopo. Lilikuwa tupu.

"Evelina! Dawa za bibi yako ziko wapi?"

Evelina akamtazama mjomba, aliyekuwa ameketi palepale na kikombe mkononi. Alimngoja aseme. Mjomba akapuliza chai yake.

"Watoto wa siku hizi," alisema, "wanatafuna dawa kama pipi. Mwulize vizuri, dada, asije akawa anagawa shuleni."

"Mjomba! Si wewe ndiye uliye..."

"Usimsingizie mkubwa wako!" mama akamkatiza. Mama Jenoveva, jirani yao, akasonya. "Mwizi wa dawa za mgonjwa! Haya, makubwa."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na siku ile Evelina aliyaelewa maneno hayo bila kufundishwa na mwalimu. Alikwenda kulia nyuma ya zizi. Kuitwa mwizi kuliuma. Kuuzwa na mtu aliyempenda kuliuma zaidi, na mama kuamini bila hata kuuliza mara mbili kulimkata maini.

Kesho yake alitoka shule akamkuta mjomba amelala kwenye benchi nje ya jikoni, ananuka pombe ya miwa. Alikoroma kwa shida, kisha akanyamaza kitambo, kisha akavuta pumzi moja nzito. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Evelina alimtikisa, wala hakufumbua macho.

"Mwache, amelewa," mama alisema.

Evelina alisimama pale. Moyo ulimwambia: nyamaza, si alikusingizia wizi? Akamwangalia tena mjomba anavyotafuta pumzi, akashindwa.

"Mama, si pombe tu. Amechanganya na dawa za Bibi."

"Bado unamsingizia?"

Evelina hakubishana. Aliingiza mkono katika mfuko wa shati la mjomba, akatoa vidonge viwili vya kijani na njano, vilevile vya Bibi. Mama aliviona, akashika kichwa. Wakamlaza ubavu, mama akapiga kelele za kuomba msaada. Rajabu, dereva wa pikapu ya mboga, akaja mbio, wakampakia.

Zahanatini, Nesi Hadija aliuliza jambo moja: "Amekunywa nini?" Evelina alitaja jina la dawa, alivyoitumia mjomba, na pombe. Nesi alianza kumsaidia kupumua, akaagiza gari la wagonjwa limpeleke Lushoto.

"Mngeniambia pombe peke yake, ningepoteza muda," alimwambia mama. "Mtoto huyu amemwokoa."

Mjomba aliporudi nyumbani, alimfuata Evelina jikoni. "Nisamehe, Eve. Yaishe basi."

Evelina aliinamisha kichwa. "Mjomba, ulinisingizia wizi mbele za watu. Samahani unaniletea jikoni?"

Jumapili, majirani walipokuja tena, mjomba alisimama mbele yao. "Dawa nilichukua mimi. Mtoto huyu nilimsingizia." Mama Jenoveva akatazama chini. Mama alimkumbatia Evelina. "Nilipaswa kukuuliza kwanza, mwanangu. Nimekukosea."

Nesi Hadija, aliyekuja kumwangalia Bibi na dawa mpya, hakuwaacha hivihivi. "Sikilizeni, ndugu zangu. Dawa hii daktari alimwandikia Bibi baada ya kumpima. Kwa mwingine, tena na pombe, inasimamisha pumzi. Ifungieni, apewe Bibi kwa kipimo, na ikibaki irudisheni zahanati. Kiuno kikiuma, njoo tukupime, Kristian."

Kisha akamgeukia Evelina. "Nawe ulikosea kutoa kidonge cha kwanza, mwanangu. Mkubwa akikwambia 'usimwambie mama yako', palepale kamwambie mama yako."

"Ndiyo, nesi," Evelina alijibu. Mjomba alisogea kwenye benchi kumpa nafasi akae. Evelina alimshukuru kwa adabu, kisha akaenda kukaa karibu na Bibi.