Msomaji wa Kwanza wa Wanyonyi

Mnisamehe mapema. Hadithi hii ilihitaji mtu mwenye tumbo gumu na sauti ya mhubiri. Mmepata mimi, na mimi nikifika pa kutisha nacheka, nikifika pa kuchekesha natapika.

Mwaka wa 2003 Wanyonyi, karani wa kiwanda huko Athi River, alijichapishia riwaya baada ya wachapishaji wote kuikataa. Makatoni yakajaa sebule yao ya kupanga pale Kitengela, hadi mkewe, Wilkister, akawa anawaandalia watoto chai juu ya fasihi.

"Baba Lennox," alimwambia, "hivi vitabu visipopata wenye kusoma wikendi hii, Jumatatu nawashia jiko."

Wanyonyi akazunguka. Aliomba nafasi kwenye matangazo ya kanisa. Alisoma sura nzima matangani mpaka wafiwa wakalia upya. Katika soko la Kajiado alivitandaza kati ya nyanya na kamba za mbuzi. Watu walivishika, wakavipima uzito, wakavirudisha.

Mwenye ploti, bibi mzee tuliyemwita Koko Sironka, alimhurumia. Alichukua kitabu kimoja, akakiombea kwa Kimaasai, kisha akakitemea mate, baraka ile ile wanayopewa watoto wachanga na ndama. Wanyonyi akasema asante. Akafika nyumbani, akakipangusa kwa leso, halafu akakisugua kwa spiriti, halafu akanawa mikono.

Jioni pembe ya kitabu hicho ilikuwa imelowa.

"Ni chai," alisema Wilkister.

Haikuwa chai. Ilikuwa nzito, ya rangi ya usaha, na ilinuka kama matumbo yaliyosahauliwa kwenye karai. Asubuhi katoni zima lilikuwa hivyo. Ukifungua kitabu, kurasa zinavutana kama mboga ya mrenda.

Jumamosi, wakila chakula cha mchana, walisikia nyuma ya makatoni ulimi ukilamba, kisha ukurasa ukigeuka.

"Unasikia?" alinong'ona Wilkister.

"Nasikia."

Ulimi ukalamba tena, ukurasa ukageuka, na ile harufu ikapanda ikatua juu ya ugali kama nzi, na kila walipojaribu kumeza mate walihisi si yao, na kule nyuma kitu kikaanza kucheka, kicheko chenye makohozi, kirefu, mahali hasa ambapo Wanyonyi alikuwa amekusudia watu wacheke na hakuna mtu aliyewahi kucheka.

"Amefika kwa sura ya harusi," alisema Wanyonyi, taratibu.

"Nani amefika?"

Walichungulia. Kilikuwa kimechutama, hakina macho. Kilikuwa na ulimi tu, mweupe, mnene kama mkia wa kondoo, ukipapasa mstari kwa mstari, na ulikopita maandishi yaliisha, ukurasa ukabaki mtupu unaong'aa.

Wilkister alimkimbilia Koko. Mama huyo alisimama mlangoni, shuka puani.

"Mate yangu ulipangusa," alimwambia Wanyonyi. "Sasa mwingine ameweka yake."

"Tufanye nini, Koko?"

"Natema tena. Sasa ni kwa uso. Na usiguse."

Wanyonyi alisita, na haikuwa kwa ajili ya mate.

"Koko, ngojea kidogo," alinong'ona. "Amebakisha sura moja."

Wilkister alimshika shingo, akamgeuza. Koko akatema. Yaligonga paji la uso, yakateremka puani, yakaingia mdomoni na ladha ya tumbaku na maziwa lala. Wanyonyi hakupangusa. Alimeza. Nyuma ya makatoni kitu kikakoroma, kikajikokota katikati ya sebule kikiacha njia ya utelezi, kikatoka nje.

Utelezi ulifuta kilichosalia; hakuna nakala iliyobaki na neno. Jumatatu Wilkister aliwasha jiko, na ploti nzima ikanuka matumbo mpaka jioni.

Mimi nilikuwa nimepanga mlango wa pili. Nilisikia kikipita kwenye korido, kikasimama kwangu, kikalamba kitasa. Komeo nilikuwa nalo, na Koko alikuwa hatua chache tu. Lakini hata mimi niko na makatoni, ya vitabu vyangu visivyo na msomaji. Kwa hiyo ukikuta pembe ya ukurasa huu imelowa, Wanyonyi usimtaje. Ni mimi niliyemkaribisha, tena nikamuuliza kama anapenda vichekesho.