Mwiria Uliokauka Ukiwa Umefungwa Jeraha

Kaari alikufa akiwa bado ameshika kibanio cha nguo. Tawi la mwiria, nene kama pipa, lilikuwa limemlalia kifuani, na shuka alizokuwa akianika zimesambaa matopeni.

Inspekta Kajuju alitazama juu. Viunga vyote vya Meru vilinawiri kwa mvua. Mti huu pekee ulikuwa umekauka hadi kileleni. Mwiria hulindwa na sheria. Hata mwenye ploti haukati bila kibali.

"Umetiliwa sumu," alisema Konstebo Gachoki, amepiga magoti shinani. "Mashimo saba ya drili. Yananuka dawa ya magugu."

Langoni, majirani walikuwa wamemzunguka Mutembei, mwenye ploti, aliyekatazwa kujenga fleti kwa ajili ya mti huo. Mmoja wao alikuwa na tairi begani, tayari kumchoma.

"Mzee, ulitaka mti huu ufe?" Kajuju alimuuliza.

"Nilitaka, madam. Kutaka si kuua."

"Drili unayo?"

"Mafundi wangu wanazo tatu. Huwa zinaachwa tu pale stoo."

Aliyebeba tairi alilishusha chini polepole, macho kwa Mutembei.

"Gachoki, simama naye. Asiguswe."

Kajuju alirudi shinani, akakwangua shimo moja. Lilikuwa limezibwa kwa udongo na samadi, kingo zimelainishwa kwa kidole gumba. Yote saba yalikuwa hivyo.

"Nyinyi Wameru," Gachoki, Mwembu, alisema kutoka langoni, "mnaua mti halafu mnaufunga bandeji."

Kajuju hakucheka. Wachuna gome wa milimani ndio hufanya hivyo: wakishabandua gome la dawa, huziba jeraha ili mti upone. Mkono uliozoea hivyo tangu utotoni hauulizi leo unatibu au unaua.

Samadi haikuwa ya Mutembei, mtu wa maziwa ya pakiti. Ng'ombe mtaani alikuwa mmoja tu, nyuma ya ua, kwa Kagwiria.

Alimkuta mlangoni, mtoto mgongoni.

"Mama Kiende, nani alikufunza kuziba mwiria?"

"Baba. Alikuwa akichuna gome huko Chogoria."

"Na kuutoboa?"

Kagwiria alimpapasa mtoto.

"Mwaka jana tawi lilipasua bati likaangukia kitanda cha huyu mtoto. Nilikuwa nimemtoa tu kumwogesha. Nikaenda ofisi ya misitu kuomba ukatwe. Nikaambiwa unalindwa. Nikarudi mara ya pili, ya tatu. Karani akasema, mti mzima haukatwi, mama. Ukikauka, lete ombi."

"Ukaukausha."

"Kwa drili ya mafundi. Na ombi nikapeleka, mwezi uliopita. Wakasema watakuja kukagua."

"Mashimo uliyaziba ili yasionekane?"

"Sikuwa nawaza kuficha, afande. Mikono ilienda yenyewe."

Juu yao tawi kavu la mwiria lililia. Wote wawili wakainama, naye Kagwiria akamzungusha mtoto kifuani na kumkumbatia. Hakikuanguka kitu.

"Mzee Mutembei ana watu langoni wenye tairi," Kajuju alisema. "Ulikuwa unawaona kutoka hapa."

"Nilikuwa nawaona. Miguu ilikataa."

"Sasa itabidi ikubali. Utakuja uwaambie wewe mwenyewe, kisha twende kituoni. Mtoto utamwachia nani?"

Kagwiria alitazama shuka zilizosambaa matopeni. Machozi yalikuwa yameanza.

"Kila nilipoenda kuomba kibali," alisema, "aliyenishikia mtoto ni Kaari."

Kajuju aliziacha pingu mfukoni, akanyoosha mikono ampokee Kiende.