Bipu ya Baba

Kila jioni, Mzee Mwinshehe, baba yake Mwanvua, alikwenda kulinda mpunga usiliwe na tembo wanaotoka hifadhi ya Mikumi. Alibeba kitochi chake, simu ndogo ya tochi. Simu kubwa ilibaki nyumbani. Akifika kwenye dungu, jukwaa la kulindia shamba, alibipu mara moja: nimefika salama. Hakuna aliyepokea, maana kupokea ni kumlia baba salio. Jua likizama bila bipu, majirani walibeba madebe ya kufukuzia tembo wakamtafute.

Kazi ya Mwanvua ilikuwa kukaa na simu. Siku ile alikaa nayo kwelikweli, ila alitazama video za muziki mpaka chaji ikaisha. Simu ikazimika, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

"Baba yako amebipu?" mama aliuliza.

Jirani yao, Samson, alikuwa amesimama uani na debe lake. Mwanvua aliogopa fimbo.

"Amebipu, mama."

"Alhamdulillahi," mama akasema, akaendelea kupepeta mchele. Samson akarudi kwake.

Giza lilipoanza kuingia, tembo alilia upande wa mashamba. Mwanvua akasogea karibu na mama.

"Usiogope. Baba yako yuko juu ya dungu," mama alimtuliza.

Je, kama hakufika? Mwanvua alijiuliza. Fimbo aliyoiogopa sasa aliiona kitu kidogo sana.

"Mama, nimesema uongo!" alilia. "Simu imezimika. Sijui kama baba amefika!"

Ungo ulimdondoka mama. "Samson! Samson wee! Leta watu!"

Walikimbia wakigonga madebe, Mwanvua nyuma yao, akimwomba Mungu kimoyomoyo. Walimkuta baba njiani, juu ya mti, mguu umeteguka na kuvimba. Chini yake tembo alikuwa akivunja matawi. Kwa kelele zile aligeuka polepole, akaondoka.

"Nimepiga simu mpaka nimechoka," baba alisema kwa sauti iliyokauka. "Naambiwa haipatikani."

Mwanvua alipiga magoti. "Nisamehe, baba. Nilimaliza chaji, nikadanganya kuwa umebipu."

Baba alimwinua.

"Chaji huisha, mwanangu. Ungesema hujapata bipu, Samson angenifuata mapema. Alikuwa na debe mkononi! Uongo wako ndio uliomrudisha nyumbani. Ukikosea, sema hapohapo, wakati watu bado wanaweza kusaidia."