Anayejua na Amsaidie

"Umetoa kijiko," Fundi alisema.

Alikuwa amegeukia ukuta, kama walivyofundishwa, na kitambaa bado kilikuwa kimefunika sinia. Mkewe alitazama mkono wake. Kijiko kilikuwemo.

Utasema alibahatisha. Mkewe naye alisema hivyo hivyo, maana furaha ilimfunga macho. Tangu Fundi aanguke kutoka kwenye nguzo ya umeme, majina ya vitu na watu wote yalikuwa yamempotea, hata la mkewe. Daktari wa kliniki ya kumbukumbu, binti mpole mwenye miwani, alimpima kwa picha na maneno, kisha akawapa zoezi la nyumbani: panga vitu kwenye sinia, funika, chomoa kimoja, yeye ageuke aseme kipi hakipo. "Akikwama, mama, usimwambie. Msubiri. Ubongo ujitafutie njia wenyewe."

Mkewe alisubiri mpaka akachoka roho. Jana yake tu, Fundi alikuwa amemtazama wee, akamuuliza kwa adabu, "Samahani, wewe ndiye nesi wa zamu?" Hapo uvumilivu ulimwisha. Alipiga ukelele katika chumba kile kisicho na mtu mwingine: "Jamani, anayejua na amsaidie!"

Basi akasaidiwa.

Fundi alipona mbio mbio. Alitaja vyombo, akataja majirani, akataja hata bei ya kitanda chao. Daktari alipompima upya alibaki mdomo wazi. "Alama hizi hata mimi sizifikii." Lakini alipoanza kumsomea maneno ya kukariri, Fundi aliyatamka kabla yake, na midomo ilikuwa ikichelewa nyuma ya sauti. Kukanuka nywele zilizoungua. Daktari akainuka, akafungua dirisha, akanong'ona, "Mama, kuna nini huko kwenu?"

Mkewe alitaka kusema labda ni harufu ya... kile wanachopikia, kile cha moto. Neno likakataa kuja.

Jioni Fundi alimsimulia harusi yao. "Nilikaa pale mbele, nikamwona bwana harusi anaingia anachechemea, viatu vimembana, nikabana kicheko mpaka mbavu zikauma."

"Bwana harusi si ulikuwa wewe?"

Mkewe akaitafuta siku ile ndani ya kichwa chake, akatafuta viatu, akatafuta kicheko, akatafuta sura za wazazi wake waliokaa pembeni, na kila alipogusa palikuwa peupe, na kadiri alivyotafuta ndivyo alivyosikia, nyuma ya pumzi ya mumewe, pumzi ya pili, nzito, iliyokuwa ikimeza taratibu kama mtu anywaye uji.

Shangazi yake Fundi, mtoa majini, alifika asubuhi. Alimwekea Fundi kiganja kwenye paji la uso, akauliza, "Nani wewe?"

"Niliyeitwa," sauti ikajibu, na midomo ya Fundi haikutikisika. "Mke alisema anayejua amsaidie. Mimi sijui kitu. Namchota yeye kumbukumbu zake, nampa mumewe. Nikitoka, natoka na nilichochota. Niacheni, angalau mmoja wenu amjue mwenzake."

Kisha Fundi mwenyewe akasema, kwa shida, "Shangazi, mtoe. Ataniulia mke wangu."

"Na wewe je?" mkewe akalia.

"Mimi kusahau nimeshazoea," akajaribu kutabasamu.

"Shangazi, mimi nitabakiwa na nini?"

"Ulichonacho sasa, mwanangu. Labda naye akipore anapotoka. Lakini akikaa, kesho hata hicho hutakuwa nacho."

Mkewe akamshika mumewe mikono yote miwili, akamtazama usoni kwa uchungu, akasema, "Toka."

Madirisha yakagonga, harufu ya nywele ikajaa mpaka macho yakatoa maji, na ile sauti ikapita chumbani ikitaja jina la kila mtu waliyempenda, moja baada ya jingine, haraka, kwa karibu, masikioni mwa wote wawili, mpaka ikatokea mlangoni na kuishia mbali huko barabarani.

Shangazi akaenda kuwaletea maji. Aliporudi aliwakuta wameketi kwenye benchi, mmoja mwisho huku, mwingine mwisho kule. Fundi alikuwa anajisogeza zaidi.

"Kaa vizuri, mama, nafasi ipo."

"Asante, kaka," mkewe alisema, akifuta machozi asiyojua yametoka wapi. "Na wewe umekuja peke yako?"