Fundi wa Rada wa Kasulu

Jumamosi moja ya Juni 2014, soko la Kasulu lilikuwa limejaa watu na vumbi jekundu. Tharsisi, fundi redio, alikuwa ameinama juu ya meza yake karibu na stendi, alipoona raba mbili nyeupe zimesimama mbele ya kibanda. Akashangaa. Kiangazi, Kasulu, raba nyeupe haimalizi dakika kumi.

Akainua macho. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa gauni la kitenge cha bluu, nywele amezikata fupi.

"Mwakeye, dada," alimsalimu kwa Kiha. "Redio au simu?"

"Simu, imeingia maji. Lakini hiki ni nini?"

Alionyesha ubao uliopigiliwa ukutani, wenye safu ya skrubu za shaba. Kwenye skrubu hizo kulikuwa na redio ya Kijapani, deki ya Kichina na spika mbili zilizong'olewa kwenye basi bovu. Vyote vilipiga wimbo mmoja.

"Mchina hapatani na Mjapani, kila mmoja ana plagi yake," alisema Tharsisi. "Zamani nilikuwa natengeneza waya kwa kila wawili wanaotaka kuungana. Nikachoka. Sasa kila anayekuja analeta waya wake mpaka kwenye ubao. Nyekundu sauti, njano umeme. Ya ndani kwake siyaulizi."

Mwanamke akacheka peke yake. "Unajua kuna watu wana digrii na wanagombana mwaka wa pili sasa kwa jambo hilihili?"

"Waambie waje niwafundishe. Na wewe uje nao."

"Wateja wote unaongea nao hivyo?"

"Wenye raba nyeupe tu."

Simu aliitengeneza akaijaribu kwa kujipigia mwenyewe. Namba akawa nayo.

Mwanamke aliitwa Herieth, kwao Mbeya. Tharsisi alimpigia mara tatu ndipo akajua kuwa ni sajini, fundi mitambo wa kikosi cha ulinzi wa anga kilichokuwa kimepiga kambi ya mazoezi nje ya Kibondo.

"Kwa hiyo ukinikasirikia unanipiga bomu?"

"Bomu ni ghali. Kwako litatosha kofi."

Kila Jumapili Tharsisi alipanda basi la Kibondo, shati amelipiga pasi, na akifika kola imekuwa nyekundu. Walikula ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kwenye mgahawa wa stendi. Siku moja akamuuliza hasa kazi yake ni nini.

"Rada imetoka nchi moja," alisema Herieth. "Makombora yametoka nyingine, mizinga nchi ya tatu. Kila aliyeuza kafunga sanduku lake. Rada ikiona ndege, mtu anawapigia simu watu wa mzinga. Mpaka mzinga ugeuke, ndege imeshapita. Tunataka mitambo yote ikubaliane lugha moja ya kupeana habari, iliyo wazi kwa kila mtengenezaji. Ya ndani abaki nayo. Kesho ukileta rada mpya, unaichomeka tu na kazi inaendelea."

"Kama ubao wangu."

"Kama ubao wako. Basi hapohapo, mpenzi. Hayo hata magazetini yapo. Yanayobaki si yangu kusema."

Tharsisi alirudi Kasulu kichwa kimevimba. Wiki ileile akamwita Floribert, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliyekuwa akichora vibao vya maduka.

"Niandike nini, patron?"

"Andika: Tharsisi, fundi wa redio, TV na rada. Mshauri wa jeshi."

"Jeshi wanajua?"

"Wewe chora."

Kibao kilikuwa kizuri, herufi za njano juu ya kijani. Watu walisimama kukisoma. Siku ya tano Herieth akapiga simu.

"Umeandika nini kwenye kibanda chako?"

"Umekiona? Kimekaaje?"

"Nimeona picha yake mezani kwa kapteni."

"Nimeandika ukweli. Si ulisema mwenyewe kwamba ubao wangu..."

"Nilikuambia wewe. Sikuliambia soko. Nimetolewa kazini, Tharsisi. Jaribio la mitambo ni baada ya siku kumi. Ikionekana nimetoa siri, kazi yangu ya miaka miwili imekwisha, na cheo navuliwa."

"Nilikuwa najivunia wewe."

"Ulikuwa unajivunia wewe." Akakata.

Kuanzia hapo simu yake haikupatikana. Tharsisi alikishusha kibao siku hiyohiyo, lakini kushusha kibao hakumrudishi mtu kazini. Siku mbili alikaa akiwaza ujinga, kwamba kapteni amemtaka Herieth, ndiyo maana kamfungia simu. Siku ya tatu akapata akili. Akafunga kibanda, akapanda basi la Kibondo, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye lango la kambi.

"Mimi ndiye niliyeandika kile kibao. Nataka kumwona kapteni."

Walinzi walimweka juani tangu asubuhi hadi saa nane. Kapteni Nestori, mtu mfupi mwenye miwani, alimkalisha kwenye kiti cha chuma.

"Sajini Herieth alikuambia nini?"

"Kwamba mitambo ya nchi mbalimbali itaongea lugha moja."

"Lugha ipi?"

"Sijui."

"Mitambo mingapi?"

"Sijui, afande."

Kasulu nzima hakuna aliyewahi kumsikia Tharsisi akisema sijui. Mteja akimletea kitu asichokijua, alikuwa akisema kina kazi kidogo, kirudie kesho. Sasa alilitoa neno hilo mara ishirini mbele ya askari wawili vijana, na kila mara shingo ilimwaka moto.

"Rada inaionaje ndege?"

"Nadhani ina kamera. Kubwa. Inapiga picha."

Askari mmoja akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Kapteni akavua miwani.

"Na wewe ndiye mshauri wa jeshi."

"Nilisema uongo, afande. Yeye hakusema kitu. Mimi ndiye mwenye mdomo."

Kapteni aliandika ukurasa mzima, akamfukuza. Jioni hiyo Herieth akarudishwa kazini. Siku ya jaribio ndege ndogo ilipita juu ya nyika. Rada ya nchi moja ikaiona, na mizinga ya nchi nyingine ikageuka yenyewe kuifuata, bila risasi na bila mtu kupiga simu. Herieth alikuwa kwenye hema, macho kwenye kioo, amekunywa chai baridi bila kujua kuwa ni baridi.

Jumapili iliyofuata alimkuta Tharsisi kwenye mgahawa wa stendi.

"Askari wanakuita Bwana Kamera," alisema akivuta kiti.

"Waniite wanavyotaka. Umerudi kazini?"

"Nimerudi. Mwezi ujao tunahamia pwani. Kuna siku simu itazimwa, na sitakuambia niko wapi."

"Utaniambia nini?"

"Kwamba ni mzima. Na siku ya kurudi, kama naijua."

Tharsisi akala kidogo. "Hayo yananitosha. Nikuoe?"

Herieth hakucheka. Akatoa kalamu na karatasi mfukoni mwa gauni. "Askari haolewi bila kibali. Naandika barua, kapteni ataisoma. Kazi ya mchumba?"

"Fundi redio."

"Elimu?"

"Darasa la sita," alisema Tharsisi. "Usiongeze."