Ubao Uliolia Stoo

Kila alasiri, tulipokuwa tukiosha vyombo na jua limekolea juu ya bati, kitu kililia stoo. Tak! Mara moja tu. Mkono wa Shangazi ulisimama na kitambaa juu ya sahani. Binamu yangu Sumaku, aliyeitwa hivyo kwa jinsi miguu yake ilivyonata kwenye skeitibodi, ubao wa magurudumu wa kuteleza, alikodoa macho. Kisha kila mtu aliendelea na kazi yake kana kwamba hakusikia. Mimi, kwa kuwa nimesoma shule ya bweni na siogopi chochote, nilijificha nyuma ya Sumaku.

Sauti ilitoka kwenye skeitibodi ya Kaka, iliyotundikwa msumarini humo stoo. Kaka, mtoto wa kwanza wa Shangazi na ndugu mkubwa wa Sumaku, hajafa. Natangulia kusema ili msianze kulia bure. Mwaka uliopita alianguka nayo akiruka ngazi za uwanjani kwenye mashindano, mbele ya umati, akavunjika mguu. Mfupa ulishaunga zamani, daktari mwenyewe alisema. Lakini Kaka aliendelea kuchechemea, na mlango wa stoo aliupita kama mtu apitaye makaburini.

Likizo ile, ubao wa Sumaku ulikatika vipande viwili akiruka ngazi hizohizo. Magurudumu na vyuma vinavyoyashika vilipona, na mashindano yalikuwa Jumamosi. Fundi baiskeli akampa ubao mpya aujaribu. Haukuwa na rangi wala picha.

"Unafanana na mlango wa choo," Sumaku alinung'unika.

"Mlango wa choo una heshima yake," nilimjibu. "Mwenye shida haudharau."

"Nyamaza wewe. Nautaka wa Kaka."

Tuliingia stoo tukishikana mikono. Ubao wa Kaka ulikuwa mzuri kupindukia: mweusi, unang'aa, umechorwa jicho jekundu lililokufuata kila ulikohamia. Tulipoushusha ulikuwa wa moto, kama kiumbe chenye homa.

"Urudisheni."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Hatukuwa tumemsikia akija.

"Ubao huu una mashetani?" niliuliza. Sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyokusudia.

"Hauna kosa lolote. Kosa ni langu. Siku ile miguu yangu iliogopa." Alilikwepa jicho la ubao. "Kila alasiri unanicheka. Hamuusikii?"

Jicho jekundu lilitutazama sote watatu.

"Kama hauna kosa, basi nitaruka nao," Sumaku alisema hatimaye. "Nitauosha kama ulivyouosha wewe, ung'ae mbele ya waamuzi."

"Uliuosha?" Shangazi alitokea jikoni akijifuta mikono. "Uliuosha vipi?"

"Niliuloweka kwenye beseni lako, Mama. Usiku kucha, siku chache kabla ya mashindano. Halafu nikaupaka rangi."

"Kumbe ni wewe uliyenichafulia beseni!"

Shangazi huuza vikombe na sahani sokoni, na hamfungii mteja chombo kabla hajakigonga kwa pete yake. Aliugonga ubao wa fundi, uliokuwa umeegemezwa ukutani. Tok! Mlio ukajaa chumba. Akaugonga ule wa jicho. Buf. Kama kugonga godoro.

"Kikombe kikilia hivi sikiuzi, hata kiwe na maua ya dhahabu," alisema. "Kina ufa."

Akachukua kisu, akakwangua rangi ukingoni. Chini yake mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka kwa tabaka zilikuwa zimeachana. Ncha ya kisu ilizama bila kulazimishwa.

"Maji yalikula gundi, rangi ikaficha. Bati likipata moto, tabaka zinazidi kuachana. Hiyo ndiyo tak yenu."

Kaka alipitisha kidole kwenye ufa ule, akarudia, akarudia tena.

"Nilihisi kitu kikilegea chini ya mguu," alisema polepole. "Nikadhani ni mimi."

Kisha akanyoosha mkono.

"Nipeni bisibisi. Na huo mlango wa choo."

Alizikagua kingo zote, akaufunga magurudumu ya Sumaku, akasimama juu yake, akarukaruka taratibu. "Unaona, Sumaku? Unajipinda kidogo, halafu unarudi. Ukibaki umepinda, achana nao. Na usiuoshe! Ufute vumbi kwa kitambaa kikavu."

Jumamosi Sumaku aliziruka ngazi zilezile zilizomwangusha Kaka. Kaka alifumba macho akasikiliza. Tok! Ubao ulitua, ukastahimili. Sumaku alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa msichana ambaye, kwa masikitiko yangu makubwa, hakuwa na kasoro hata moja.

Kesho yake saa ile ikafika. Ubao wa jicho ulikwisha kuwa kuni, lakini mikono yetu ilisimama yenyewe majini, ikingoja. Stoo kimya.

"Mwaka mzima tumeogopa sauti iliyokuwa ikituambia ukweli," Shangazi alisema. "Wanangu, rangi haibebi mtu. Kigongeni kitu, mkisikilize, ndipo mkiamini. Na ukianguka, usikimbilie kujiita mwoga. Kwanza tazama ulichokuwa umekikanyaga."

Tok!

Tuliruka sote. Sauti ilitoka uani. Kaka alipita dirishani juu ya ubao usio na rangi, akiusukuma kwa mguu uleule uliovunjika, bila kuchechemea.

"Rudisha ubao wangu!" Sumaku alipiga kelele, akatoka mbio na povu mikononi.

Tok! Ikalia tena. Safari hii kitambaa cha Shangazi hakikusimama.